Nimenunua shamba lenye vichaka na miti minene: kufyeka na kuchoma navyo ni hadi kibali?

MkulimaMtarajiwa
Wakuu, salaam. Nimenunua shamba la ekari sita na kitu ambalo halijaguswa kwa zaidi ya miaka kumi. Vichaka vimefungamana hadi mbwa hapiti, chini kuna kijito kinachokauka kiangazi, na mpakani imesimama miti minene kama kumi na miwili hivi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: vijana wafyeke, yakauke wiki tatu, natia kiberiti, mvua ikigusa ardhi napanda.

Jana mzee jirani kapita akaniambia nisithubutu. Eti hata mti ulio katikati ya shamba langu unaombewa ruhusa, na moto ndiyo kabisa. Hati ninayo mkononi. Sasa nauliza: ardhi yangu, miti yangu, kiberiti changu, kibali cha nini? Au mzee ananitisha kwa sababu mbuzi wake wamezoea kula humo?

KisikiKikavu
Naweka kigoda hapa. Nafuatilia.

MpinzaniWaKudumu
Mzee anakutisha, mkuu. Fyeka, choma, panda. Ukianza kuuliza uliza maofisini utapanda mwakani.

AfisaMstaafu
Mleta mada, ukikutana na huyo mzee mpe shikamoo ya nguvu, kakuokoa.

Nimezeekea kwenye kazi za misitu na hili swali la "si langu?" nimelijibu mara nyingi kuliko miti niliyopanda. Umefunga mambo matatu kwenye furushi moja. Kuna ardhi, kuna mti, kuna moto. Hati yako inazungumzia ardhi. Mti una sheria yake, moto nao una yake, na mara nyingi hata ofisi zinazosimamia ni tofauti. Nimeona mtu karuhusiwa kufyeka, kisha kakamatwa akichoma kilekile alichoruhusiwa kufyeka. Alinuna sana, lakini kibali chake hakikuwa na neno moto hata mara moja.

Tuanze na mti. Popote uendapo, sheria huuliza maswali yanayofanana: ni wa aina gani, mnene kiasi gani, umesimama wapi, na ukishauondoa ardhi inageuka kuwa nini. Hilo la mwisho watu hulisahau. Kupunguza miti kwenye shamba la miti ni jambo moja. Kugeuza msitu kuwa shamba la mazao ni jambo jingine, na ndilo linalobanwa zaidi. Uingereza, upande wa England, mwenye ardhi anaweza kuangusha hadi mita za ujazo 5 kila robo ya mwaka bila leseni, mradi asiuze zaidi ya 2. Akivuka hapo anaomba, na leseni ya kukata kwa kawaida huja na sharti la kupanda tena. Brazil wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya misitu ya 2012 inamtaka mwenye shamba lililo kwenye msitu wa Amazon abakize asilimia 80 ya eneo lake na uoto wa asili. Nje ya Amazon ni asilimia 20. Ana hati, na bado sehemu nne katika tano za ardhi yake hawezi kuzifyeka.

Halafu kijito chako. Hapo ndipo ningesimama kwanza kabla ya kuita vijana. Watu wengi hudhani kijito kikikauka sheria nayo imekauka. Kwa Wabrazili haohao, mto wenye upana usiofika mita 10 unaachiwa ukanda wa mita 30 kila upande, na mto wa msimu umo. Kinachoachwa nje ni mkondo wa maji ya mvua tu, ule unaotiririka wakati inanyesha na kukatika. Chemchemi inazungukwa na mita 50.

Namba za kwenu zitakuwa nyingine. Maswali ni hayohayo. Tembea shamba na kamba na kopo la rangi, weka alama ukingo wa kijito, mteremko mkali, na kila mti usioujua jina. Mti usioujua jina usiukate. Huenda ndio uliolindwa, na ukishakuwa kisiki hakuna wa kukutetea.

MpinzaniWaKudumu
Mtu kauliza vichaka mnamletea Amazon. Mababu walifyeka na kuchoma tangu enzi na dunia haikuungua.

BintiMakavazi
Iliungua, mkuu. 8 Oktoba 1871, Peshtigo, jimbo la Wisconsin, Marekani. Walowezi na wajenzi wa reli walikuwa wakichoma visiki na matawi ili kusafisha ardhi, kila mmoja na kimoto chake kidogo, katika ukame mrefu. Jioni ile upepo mkali ukaingia na vile vimoto vikaungana. Walikufa zaidi ya watu 1,000. Idadi kamili haikujulikana kwa sababu kumbukumbu za mji nazo ziliteketea. Watu wengi hawajausikia moto huo kwa kuwa usiku uleule Chicago nayo iliungua, na magazeti yote yakakimbilia huko.

KisikiKikavu
Vimoto vidogo, kila mmoja na chake. Hapo nimeshtuka.

ChecheMoja
Nilitaka kupita kimya ila uzi huu unanihusu. Nitasema yaliyonikuta, mkinicheka poa tu.

Mimi kibali nilikuwa nacho. Siku niliyochoma hakukuwa na upepo, tulikuwa watu watano, madumu ya maji yamepangwa, nyasi tumezipalilia pembeni mpaka udongo mtupu. Biwi, yaani lile rundo la matawi makavu, liliwaka vizuri hadi nikajisifu. Kosa langu lilikuwa moja, na lilikuwa la uvivu: kulikuwa na kisiki cha zamani katikati, nikaona badala ya kukikwepa nilipange biwi juu yake, kiungue humohumo nipumzike kukichimba.

Jioni majivu yamelala, tukamwaga maji, tukaondoka. Kesho yake ikapita manyunyu. Nikasema Mungu kanimalizia kazi. Siku ya tatu sikwenda hata kuchungulia. Siku ya nne, mchana, upepo ukaanza, na saa nane napigiwa simu na jirani anapumua kama kakimbizwa.

Ule moto ulikuwa umeingia kwenye kisiki, ukafuata mzizi mkavu chini kwa chini ukifukuta polepole, ukatokea mita kama saba mbele, nje ya ule mstari wetu tuliojivunia, katikati ya nyasi. Ukala uzio wake, ukala miti ya matunda aliyoipanda baba yake, ukaishia ukingoni mwa banda kwa sababu tu upepo uligeuka. Nimemlipa kwa mafungu mwaka na nusu. Kile kibali nilikitoa mfukoni kwa mbwembwe, kina mihuri miwili. Aliyekuja kuchunguza akakisoma, akanirudishia, akauliza: "Siku ya nne nani alikuwa zamu?"

MamaNyuki
ChecheMoja, pole, na asante kwa kusema. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uzio wa mtu kama wewe. Mizinga kumi na minne. Na nyuki si lazima moto uwafikie. Moshi ukiwazidi wanajaza asali tumboni kujiandaa kuhama, na wengine wanahama kweli. Kama angeniambia siku mbili kabla, ningeihamisha usiku. Hakuna sheria ngumu hapo, ni kubisha hodi tu.

Mleta mada, angalia pia ndege wanataga lini huko uliko. Ireland wamepiga marufuku kukata ua wa miti na kuchoma uoto kwenye ardhi isiyolimwa kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti, kwa ajili ya viota. Hata kama kwenu hakuna tarehe, kichaka cha miaka kumi hakikosi wenyewe.

AfisaMstaafu
Alichosimulia ChecheMoja ndicho kilichonifanya niache kuamini macho. Majivu hudanganya. Siku ya pili na ya tatu unayafukua kwa sepetu, unapitisha mgongo wa kiganja karibu yake bila kugusa. Ukisikia vuguvugu, bado. Maji yakimwagwa juu bila kukoroga hujenga ukoko, chini makaa yanaendelea na maisha yao. Mwaga, koroga, mwaga tena.

Na kama ardhi yenyewe ni ya mboji, yaani ule udongo mweusi mwepesi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyorundikana bila kuoza, usichome kabisa. Hapo udongo ndio kuni. Indonesia mwaka 2015 ziliungua takriban hekta milioni 2.6, mingi ikiwa mioto ya kusafishia mashamba, na mingine iliingia kwenye mboji ya mabwawa yaliyokaushwa kwa mifereji. Moto wa namna hiyo unafukuta chini wiki na miezi, na moshi wake ulifika Singapore na Malaysia. Mwaka mmoja kabla ya hapo Singapore walikwishatunga sheria ya kuyashtaki makampuni yanayowapelekea moshi hata kama moto umewashwa nje ya nchi yao.

WakiliKivuli
Naongeza la kisheria, kwa ujumla tu, maana sijui upo wapi na huu si ushauri wa kulipiwa.

Kibali ni ruhusa ya kuwasha. Hakikubebei madhara ya kitakachofuata. Masharti yaliyoandikwa nyuma kwa maandishi madogo, saa za kuwasha, idadi ya watu, umbali, kulinda hadi uzimike, ndiyo yatakayosomwa siku ya kesi. Ukivunja moja, umejitengenezea ushahidi dhidi yako kwa mkono wako. Na kama una bima, isome kabla ya kuwasha.

Miti ya mpakani: shina likikaa juu ya mstari, kwa kawaida ni mali yenu wote wawili, hukati bila yeye kukubali kwa maandishi. Umesema iko kumi na miwili na jirani ni mzee aliyekaa hapo siku zote. Itakuwa anaijua kila mmoja umri wake.

Jambo la tatu hujaliuliza. Aliyekuuzia alikuwa amefyeka nini kabla? Zipo sheria, Brazil ni mfano, ambazo wajibu wa kurudisha uoto ulioharibiwa humfuata mwenye ardhi wa sasa hata kama panga alishika mwingine. Na kama unawaza kulima kahawa au kakao ya kuuza Ulaya, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inakataa mazao ya ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kufyeka kwako kunaweza kuwa halali kabisa nyumbani na bado zao likakosa soko hilo.

MpinzaniWaKudumu
Sawa wakili, lakini tuwe wakweli. Shamba lipo porini. Nani atamwona?

BintiMakavazi
Setilaiti. NASA, shirika la anga la Marekani, wana mfumo unaitwa FIRMS, uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, unaonyesha sehemu zenye joto la moto ndani ya saa 3 hivi tangu setilaiti ipite juu. Nukta nyingi kila moja inasimamia eneo la mita kama 375 kwa 375, na moto mdogo kuliko hapo unaweza kuonekana ukiwa na joto la kutosha. Nimewahi kuangalia nukta za wilaya nzima nikiwa kitandani.

MpinzaniWaKudumu
Hiyo sikuijua. Ila hamjanijibu la mababu. Majivu ni mbolea, hilo nalo mtakataa?

MwalimuUdongo
Hatukatai, tunakata nusu. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na hupunguza uchachu wa udongo, ndiyo maana mazao ya msimu wa kwanza baada ya kuchoma hunawiri mpaka unaona umepata siri. Lakini naitrojeni na salfa nyingi zimepaa na moshi. Msimu wa pili na wa tatu unaanza kuuliza shamba limelogwa na nani. Mababu walilijua hilo, walihama, wakaliacha pori lirudi miaka mingi ndipo wakarejea. Wewe mwenye ekari sita utahamia wapi?

Pale palipowaka biwi kubwa kwa muda mrefu, udongo huokwa. Utaona duara halioti kitu vizuri kwa misimu kadhaa. Heri mabiwi madogo mengi kuliko mlima mmoja wa kupigia picha.

Hata hivyo Mpinzani ana hoja moja ambayo wanaharakati wengi hawapendi kuisikia. Kukataza moto wote nako kuna gharama. Marekani kuanzia 1935 walikuwa na sera kwamba kila moto wa msituni uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kwa miongo kadhaa wakazima hata ile mioto midogo ya kusafisha chini ya miti, kuni zikarundikana, na mioto ya baadaye ikapata chakula tele. Wenyeji wa asili wa Australia walichoma vipande vidogo vidogo, moto wa baridi, yaani wa joto dogo, wakati majani bado yana unyevu. Kwa hiyo mababu walikuwa na kanuni zao kali. Zilikuwa vichwani tu badala ya karatasini.

MpinzaniWaKudumu
Basi leo nimeshinda nusu. Natunza.

MkulimaMtarajiwa
Wakuu nimesoma yote. Nimeshaahirisha vijana. Swali la mwisho kabla sijaenda ofisini: kibali cha moto nikikipata, siku yenyewe nafanyaje? Na je, lazima nichome?

AfisaMstaafu
Lazima? Hapana. Magogo ni mbao na kuni, ingawa hata kuyasafirisha nje ya shamba sehemu nyingi kuna hati yake, uliza hukohuko. Matawi yapange kwa mstari ukikata mteremko, yatakamata udongo mvua ikishuka. Visiki vya kwenye mteremko viache ardhini, mizizi yake itashika udongo miaka michache zaidi wakati unapanda kingine. Vichaka laini vifunike udongo. Utakachobaki nacho ni kile chenye miiba na magonjwa, nacho si kingi.

Hicho ukichome kikiwa kikavu. Kibichi ni moshi mtupu, na moshi ndio unaoleta malalamiko. California, kwa mfano, kibali peke yake hakitoshi, asubuhi unaangalia kama siku hiyo mamlaka ya ubora wa hewa imeruhusu kuchoma. Huko biwi la nyumbani halizidi futi 4 kwa upana na kwenda juu, kama mita 1.2, na linazungukwa na futi 10 za udongo mtupu, mita 3. Mtu mzima haondoki, sepetu na maji viko mkononi. Mimi huo ukubwa ninaupenda. Unachoma kimoja, unakilisha kidogo kidogo kutoka cha pembeni, badala ya kuwasha kumi kwa mpigo na kukimbia katikati kama kuku.

Usiwashe chini ya nyaya za umeme, joto na moshi vinaweza kuufanya umeme uruke. Usiwashe chini ya mpando wenye nyasi. Wazimamoto wa Australia wana hesabu ya mkononi kwamba kila nyuzi 10 za mpando huongeza kasi ya moto mara mbili. Usitupie matairi, plastiki wala mbao zilizotiwa dawa. Zile za kijani za zamani zilizowekwa dawa ya shaba na aseniki, sumu inabaki kwenye moshi na kwenye majivu yale uliyotaka yawe mbolea. Na usipange juu ya kisiki, ChecheMoja kakulipia ada ya somo hilo.

Upepo pima kwa moto wa majaribio, mkono wa nyasi tu. Moshi ukipanda wima, endelea. Ukilala, zima, rudini nyumbani. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu vijana wameshalipwa na chakula kimeshapikwa.

MamaNyuki
Na umbishie mzee hodi.

MkulimaMtarajiwa
Wakuu, mrejesho. Wiki saba zimepita.

Ofisini nilizungushwa siku mbili, kisha akapatikana kijana mmoja aliyejua kazi yake, akaja hadi shambani. Kati ya miti niliyotaka kuangusha, miwili ni ya aina iliyolindwa, haiguswi. Saba iko juu ya mstari wa mpaka. Kwa hiyo miti "yangu" kumi na miwili ikabaki mitatu. Hiyo mitatu nimeruhusiwa, nimekata miwili, mmoja nimeuonea huruma, una kivuli kizuri. Ukanda wa kijito tumeuwekea vigingi na sikuugusa.

Moto nilipewa siku mbili za kuchagua na saa maalumu, na sharti la kupiga simu asubuhi ileile. Siku ya kwanza nikapiga, wakanikatalia, upepo. Vijana walikuwa wameshafika, wameshalipwa, chakula kimeshapikwa. AfisaMstaafu nilikukumbuka. Tukala, tukaondoka. Siku ya pili tukachoma mabiwi tisa madogo, kimoja kimoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Mzee alikuja na kiti chake na sepetu, akakaa upande unaoelekea kwake, hakusema neno mpaka mwisho. Siku ya nne nilimkuta yupo kwenye majivu kabla yangu, ameinama, anapitisha mgongo wa kiganja.

KisikiKikavu
Na mbuzi?

MkulimaMtarajiwa
Wapo. Safari hii nimewaita mwenyewe. Machipukizi ya vichaka yalianza kurudi wiki ya tatu, na hao wanayakata bila kibali.